Kutibu majitaka kwa mwani: maswali tunayoulizwa Tanga

Bwawa letu lipo Pongwe, nyuma ya banda la ng'ombe. Linapokea maji ya kuoshea banda pamoja na maji yanayotoka kwenye karo la nyumba tatu. Mgeni akifika hukuta maji ya kijani yakizunguka polepole kwenye mfereji wenye umbo la uwanja wa riadha, na maswali huanza kabla hata hajakaribishwa kiti. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

Mwani gani huo? Si ule wa kina mama wa baharini?

Ni ndugu wa mbali. Ule unaofungwa kwenye kamba na kuanikwa ufukweni ni mwani mkubwa, unaushika mkononi. Huu wetu ni mdogo kiasi kwamba chembe moja haionekani kwa macho. Aina ya Chlorella, ambayo hujiotea yenyewe kwenye majitaka ya nchi za joto, ina upana wa mikroni 2 hadi 10. Hata hivyo umeshauona mara nyingi: ukoga wa kijani ndani ya simtanki iliyoachwa wazi juani, mwingi wake ni mwani wa namna hii.

Mbona wenyewe unafanana na uchafu? Unasafishaje maji?

Bibi mmoja, jirani yetu, aliinama ukingoni akaangalia kwa muda, kisha akaniambia: "Mwanangu, hii mbona mlenda?" Nikamwambia, ndiyo bibi, ila mlenda huu una kazi.

Kazi yenyewe wanaifanya wawili. Bakteria ndio wanaokula uozo: kinyesi, mabaki ya chakula, maziwa yaliyomwagika. Ili wale wanahitaji oksijeni, na katika majitaka yaliyotuama oksijeni huisha haraka; hapo ndipo harufu inapoanza. Mwani nao, ukipata jua, huvuta hewa ya kaboni waliyoitoa bakteria na kurudisha oksijeni majini. Huyu anamlisha yule. Kwenye mitambo mikubwa ya mijini oksijeni hupulizwa kwa mashine zinazokula umeme usiku na mchana. Hapa tunaipata juani: kila gramu ya mwani mkavu inayoota huacha takribani gramu moja na nusu ya oksijeni ndani ya maji.

Kuna faida ya pili. Mwani ukivuta hewa ya kaboni, pH ya maji, yaani kipimo cha ukali wa asidi, hupanda: ikizidi 7 asidi imeondoka. Asubuhi karatasi ya kupimia kwenye bwawa letu husoma 7 na nusu. Saa tisa alasiri inasoma 9 na zaidi. Maji ya namna hiyo, yakipigwa na jua kali na kujaa oksijeni, vimelea vingi vya tumboni havistahimili. Sehemu ya amonia huruka hewani, na sehemu ya fosforasi huungana na kalsiamu ya maji ikazama chini.

Wala si jambo jipya. William Oswald na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walilieleza kwa vipimo katika miaka ya 1950, na mfereji wa kina kifupi tunaouchimba leo ni uzao wa kazi yao. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa mabwawa ya majitaka na ardhi oevu za kutengenezwa kwa miaka mingi.

Maji yakishakuwa ya kijani, si ndiyo yamekuwa safi?

Hapana. Naomba swali hili lisomwe hata na mwenye haraka, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Ukiacha sehemu iliyoruka hewani au kuzama, naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea iliyokuwa kwenye kinyesi, hazijaenda popote. Nyingine zimehamia ndani ya mwani, nyingine bado zimo majini. Ukifungua bomba ukaachia maji ya kijani yaende mtoni au baharini, mwani utafia huko, utaoza, utamaliza oksijeni ya samaki, na ile mbolea itarudi majini kama ilivyokuwa. Utakuwa umehamisha uchafu kutoka uani kwako kwenda kwa mwenzako.

Kwetu Tanga jambo hili ni zito. Mbele yetu kuna matumbawe, na tangu 2009 kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Matumbawe huishi kwenye maji yenye mbolea kidogo sana. Mbolea ikizidi, mwani wa mwituni huyafunika, na samaki wanaojificha humo huondoka. Mvuvi wa Tongoni anayerudi na dau tupu hatajua kama chanzo ni bomba la nani.

Hata maabara itakuumbua. Viwango vya Tanzania vya majitaka yanayoruhusiwa kuachiwa vinataka BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uozo utakula, isizidi miligramu 30 kwa lita. COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuvunja uozo kwa kemikali, isizidi 60. Na chembe zinazoelea zisizidi 100. Chembe za mwani zenyewe zinahesabika kwenye vipimo vyote vitatu. Bwawa lililostawi hubeba miligramu 200 hadi 400 za mwani kwa lita. Kwa hiyo kadiri bwawa linavyostawi ndivyo unavyozidi kufeli, mpaka uutoe mwani.

Basi unatolewaje, na hauonekani?

Hapa ndipo jasho lilipo. Kitambaa hakifai: mwanzoni chembe zinapenya, baadaye zinaziba. Mashine za kutenganisha kwa kuzungusha kwa kasi zinafanya kazi vizuri, ila bei yake na umeme wake havilingani na banda la ng'ombe sita.

Sisi tunautuamisha. Maji yanayotoka kwenye mfereji huingia kwenye tangi lenye kitako kilichochongoka, lililowekwa kivulini. Humo hukaa bila kutikiswa. Mwani ukiwa umeshikana na bakteria huwa mabonge madogo mazito, yanazama. Ukiwa chembe mojamoja, unaelea tu. Kwa hiyo sehemu ndogo ya tope lililozama tunairudisha bwawani, ili wale wanaozama ndio wazidi kuzaliana. Ni kama kuchagua mbegu ya mahindi.

Jipimie hivi kabla ya kununua chochote. Chukua chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu, ijaze maji ya bwawa, isimamishe kivulini. Baada ya saa moja iinue usawa wa macho. Ukiona tabaka angavu juu na ukungu wa kijani ukishuka taratibu kama mashapo ya chai, una mwani unaotuama. Kama chupa nzima bado ni kijani kimoja, tia shabu kidogo iliyosagwa, ukoroge, usubiri tena. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo huvuta chembe zikashikana. Tulianza nazo kwa sababu mti tunao uani. Shabu ni ya haraka zaidi, lakini huacha alumini kwenye tope, na tope hilo nataka liende shambani, kwa hiyo naitumia kwa uchache.

Tope linalotoka chini ya tangi tunalimwaga juu ya mchanga kwa unene wa vidole viwili. Siku tatu nne za jua la kaskazi na limekauka, linajikunja na kubanduka kama maganda ya mgomba.

Ninahitaji eneo kiasi gani?

Tufanye hesabu ya shule ya bweni yenye watu 100. Mtu mmoja hutoa takribani gramu 40 za BOD kwa siku, kwa hiyo jumla ni kilo 4. Karo linalofanya kazi vizuri hupunguza theluthi hadi nusu. Tuseme inabaki kilo 2 na nusu. Mfereji wa mwani, wa kina cha sentimita 30 hivi, hupewa gramu 10 hadi 15 za BOD kwa kila mita ya mraba kwa siku. Jibu ni mita za mraba 170 hadi 250. Kiwanja kidogo cha kujengea nyumba ni kikubwa kuliko hapo.

Lakini hesabu hiyo ni ya uozo. Ukitaka mwani ubebe naitrojeni yote, mambo yanabadilika. Watu 100 hutoa karibu kilo moja ya naitrojeni kwa siku. Kilo moja ya mwani mkavu ina takribani gramu 70 za naitrojeni, kwa hiyo utahitaji kuvuna zaidi ya kilo 14 za mwani mkavu kila siku. Mita moja ya mraba ikipata jua zuri hutoa gramu 15 hivi. Hapo utahitaji mita za mraba zaidi ya 900.

Ndiyo maana sitaki mtu aahidiwe kwamba bwawa dogo litanyonya mbolea yote. Chimba la uozo, vuna mwani, na maji yanayobaki yapeleke kwenye migomba au kwenye matete ya ng'ombe yakamalizie kazi. Usiyaelekeze kwenye mto.

Kwa nini kina kifupi hivyo? Si bora nichimbe shimo refu nipunguze eneo?

Mwanga haufiki chini. Ukishapita sentimita 30 au 40 kwenye maji ya kijani, ni giza, na gizani mwani hautoi oksijeni bali unaitumia. Hata bwawa zuri usiku hupungukiwa. Saa kumi na moja alfajiri ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa. Mabwawa marefu ya kawaida ya majitaka, ya mita moja hadi mbili, yanafanya kazi pia, ila yanataka maji yakae muda mrefu zaidi na tabaka la juu tu ndilo lenye mwani wa kutosha.

Lazima maji yazunguke? Umeme nitaupata wapi?

Lazima yatembee, la sivyo mwani utatuama bwawani kwenyewe na kuoza chini. Mwendo wa sentimita 15 hadi 30 kwa sekunde unatosha, yaani taratibu kama mtoto anayetambaa. Gurudumu la makasia likizungushwa na mota ndogo ya sola hufanya kazi hiyo mchana kutwa.

Harufu je?

Bwawa lenye afya linanuka kama mto wenye majani. Likinuka mayai viza, limelishwa kupita kiasi. Punguza maji yanayoingia.

Hamtuzalishii mbu?

Swali la haki kabisa, hasa pwani hii ambako matende na mabusha yamewatesa wazee wetu. Mbu anayeeneza maradhi hayo mijini, Culex, hupenda hasa maji machafu yaliyotuama: choo cha shimo, karo lililopasuka, mtaro ulioziba. Maji yanayotembea hayamfai. Hatari yenu ipo kwenye kingo. Nyasi zikiachwa ziangukie majini, nyuma yake maji yanatulia na viluwiluwi hujaa humo. Kata nyasi kila wiki, funika karo, ziba bomba la hewa la choo kwa wavu. Tangi la kutuamishia nalo liwe na mfuniko.

Masika yakija?

Machi hadi Mei ndiyo miezi migumu kwetu. Mambo mawili hutokea pamoja: mawingu hupunguza jua, na mvua hujaza bwawa mpaka mwani unasombwa. Acha ukingo mkavu wa sentimita 30 juu ya usawa wa maji, na chimba mtaro wa kuzuia maji ya mlimani yasiingie. Maji ya paa yasiunganishwe kamwe na karo. Mimi hupunguza pia kiasi cha maji ya banda: tunazoa samadi kwa koleo kwanza, kisha tunaosha kwa maji machache.

Wa Amboni na Kiomoni wana lao la ziada. Mwamba wa kule ni chokaa yenye matundu; mapango ya Amboni yenyewe ni ushahidi. Maji yakiingia ardhini huko hayachujwi, yanakimbia. Bwawa lisilotandikwa nailoni nzito au kusakafiwa litaishia kwenye kisima cha jirani.

Bwawa langu lilikuwa kijani, sasa limebadilika rangi. Nini hiki?

Kahawia inayoelekea kijivu ni dalili ya kulishwa mno. Waridi au zambarau ni bakteria wa salfa, nayo ni dalili ileile iliyozidi. Kijani cha samawati chenye utando unaoelea kama rangi iliyomwagika, usikiguse kwa mikono wala usimnyweshe mnyama, maana baadhi ya jamii zake hutoa sumu.

Rangi ninayoiogopa zaidi ni ya maji kuwa angavu ghafla. Ilitupata mwezi wa Novemba. Jumatatu bwawa lilikuwa kijani, Jumatano lilikuwa kama chai ya rangi, na wageni wawili walitupongeza kwa maji mazuri. Nilipochota glasi na kuiweka juani nikaona vidudu vyeupe kama ncha ya sindano vikirukaruka. Walikuwa wamekula mwani wote. Siku iliyofuata oksijeni ilikuwa imekwisha na harufu ilifika barabarani. Tulizima mota wakose hewa, tukaongeza mkojo wa ng'ombe kwa sababu amonia yake inawadhuru, kisha tukamwagia bwawa maji ya kijani kutoka kwenye pipa la akiba. Siku tisa ndipo lilipopona.

Tangu hapo pipa hilo la lita 200 halijawahi kukauka. Usianze bwawa bila pipa la mbegu.

Mbegu nanunua wapi?

Hununui. Chota ndoo mbili kutoka bwawa jingine la majitaka lenye kijani kizuri, au acha majitaka yaliyochanganywa na maji juani. Mwani utajileta.

Vitu gani visiingie?

Jiki, dawa za kusafishia vyoo, mafuta ya gari, dawa za kuogeshea ng'ombe, na damu nyingi kwa mkupuo. Maji ya udhu ya msikiti nayo usiyalete, kwa sababu tofauti: ni masafi mno kwa kazi hii. Yapelekwe bustanini moja kwa moja.

Maji ya kiwanda cha mkonge yanatibika hivi?

Yanatibika, si mara moja. Singa za katani ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Linalobaki ni maji na makapi, na korona, mashine inayotoa singa kwenye jani, hutumia maji mengi kuyasukuma nje. Maji hayo ni makali kwa asidi, yana rangi nzito na uozo mwingi. Mwani ukiwekwa humo unakufa. Kwanza yapite kwenye mtambo usio na hewa, ambako bakteria wengine huyavunja na kutoa gesi. Hale, wilayani Korogwe, ulizinduliwa mtambo wa bayogesi ya mabaki ya mkonge mwaka 2008. Maji yanayotoka kwenye mtambo wa namna hiyo, yakizimuliwa, ndiyo chakula kizuri cha mwani: uozo umepungua, mbolea bado ipo. Ukipima mito yetu kwa wingi wa uozo, jambo hili lingekuwa na faida kubwa kuliko mabwawa kumi ya majumbani kama letu, na natamani sana liangaliwe.

Sisi tunafuga mwatiko kwenye maji ya chumvi. Mwani wenu utatufaa?

Kwenu ufaao ni mwani mkubwa. Flower Msuya wa Zanzibar na Amir Neori walichapisha mwaka 2002 utafiti wao wa mabwawa ya samaki ya Makoba, Unguja, wakionyesha kwamba aina mbili za mwani wa kienyeji, Ulva reticulata na Gracilaria crassa, zinaweza kuchuja maji yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki yanayojazwa na maji ya kupwa na kujaa. Na kuuvuna ni rahisi: unauzoa kwa mikono, hakuna tangi wala shabu.

Mwani huu unaliwa?

Ule uliooteshwa kwenye majitaka ya watu, hapana. Spirulina mnayoiona ikiuzwa kama lishe huoteshwa kwenye maji safi yenye magadi. Hiyo ni habari nyingine. Wetu ni mbolea. Tunaukausha, tunauacha miezi mitatu kwenye lundo la mboji, kisha tunaufukia kwenye mashimo ya migomba. Mboga zinazoliwa mbichi tunaziepusha kabisa. Mayai ya minyoo yana ganda gumu na huzama kwenye tope. Maji ya majitaka yanayokusudiwa kumwagilia mboga hizo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaka yasiwe na zaidi ya yai moja kwa lita. Bila maabara huwezi kujua umefika hapo.

Ikiwa majitaka yanatoka gereji au kiwanda chenye metali nzito, usiupeleke shambani hata kidogo. Mwani hunyonya metali.

Na maji yaliyotibiwa, naweza kuoga au kutawadhia?

Kwa upande wa afya, hapana. Hukumu ya twahara aulizwe sheikh.

Ninahitaji kibali?

Ukiachia maji yoyote yaende mtoni, kwenye kijito au baharini, ndiyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha bodi ya maji ya bonde. Huku kwetu ni Bonde la Pangani, ambalo linahusika pia na mto Zigi. Mto huo ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalotunywesha Tanga mjini, kwa hiyo watu wa Muheza na Amani naomba muwe makali kuliko sheria. Mradi wa shule, hoteli au kiwanda uulizwe NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla jembe halijagusa ardhi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Naanzia wapi?

Usianze na mota. Chimba shimo dogo la mita mbili kwa moja, kina cha sentimita 30, tandika nailoni nzito. Jaza maji, tia ndoo moja ya maji ya karo kwa kila ndoo kumi za maji ya kisima, na ndoo moja ya maji ya kijani. Koroga kwa ubao asubuhi, adhuhuri na alasiri. Vaa glovu na viatu vya mvua, na watoto wasisogee. Baada ya siku sita hadi kumi litakuwa kijani. Hapo ndipo ulete ile chupa ya lita moja na nusu na uitazame kivulini kwa saa moja. Ukifika hatua hiyo na maji hayatulii, njoo Pongwe na chupa yako. Njoo alasiri, saa tisa, wakati pH imepanda, tuipime pamoja.